Chuma Ndani ya Carte Son

Pale Mudzi Pela, mtaa wa Bunia, ukiuliza nyumba ya Rodrigue, watakuuliza kwanza Rodrigue yupi, maana wako wengi. Ukisema Rodrigue Ordinateur, umemaliza maneno. Hata mama muuza makala atakunyooshea kidole: nyumba ile ya bati jekundu, mlango uko wazi, utasikia tu.

Utasikia, kwa sababu Rodrigue alikuwa anapiga muziki kwa kompyuta. Anapiga, nimesema, haweki! Ukitaka kumharibia siku, mwambie, "Rodrigue, tuwekee wimbo." Atakukazia macho kama umemtukania mama. Wanaoweka nyimbo ni wale vijana wa bafle, maspika ya kwenye baa, wanabonyeza kitu kimoja kisha wanakunywa soda. Yeye alikuwa na kompyuta kuukuu iliyopasuka kona, na mbele yake kinanda kidogo kisicho na sauti yake chenyewe. Kidole kinafinya kinanda, kompyuta inatoa ngoma, inatoa besi, inatoa gitaa, inatoa likembe, ile kalimba yetu, yote papo kwa papo, kwa mikono yake. Akosee kidole, wimbo wote unakosea. Alikuwa anajivunia hata kukosea kwake, kwa sababu kulionyesha kwamba mtu yupo.

Na tumpe haki yake, alikuwa mzuri. Kwaya ya mtaa wao ilimpenda kwa jambo moja: alijua kumfuata mwimbaji. Mwimbaji akivuta pumzi, Rodrigue anavuta naye. Mwimbaji akinyamaza katikati ya neno kwa sababu machozi yamemkaba, mikono ya Rodrigue inaruka juu ya kinanda na kubaki hewani, kama ya mtu aliyeambiwa simama na askari wa kizuizi. Haanzi tena mpaka mwimbaji aanze. Hilo halikufundishwa na mtu. Lilikuwa mwilini mwake.

Lakini mwilini mwake kulikuwa na jambo lingine, nalo alilirithi kwa baba.

Baba yake, Muzee Laurent, alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule Bambu kabla vita havijawatupa Bunia na godoro moja na sufuria. Wachimbaji walimletea vumbi lao limefungwa kwenye kikaratasi. Muzee hakukimbilia mizani. Alikimwaga kile kitu kwenye kiganja, akafumba macho, akakipandisha na kukishusha kidogo, halafu akasema: hii dhahabu, au, hii umechanganya na shaba, rudisha. Na kweli inakuwa hivyo. Rodrigue mdogo alikaa pembeni akiangalia mkono ule, na toka siku zile hakununua kitu bila kukipima kwa kiganja. Nyanya, viatu, betri za radio, simu, chochote kile. Anakishika, anafumba macho, anakipandisha. Wenzake walimcheka lakini walimwiga, kwa sababu Bunia nzima inaamini vivyo hivyo: kizito ni orijino, chepesi ni cha kudanganyia watu. Yeye alikuwa na imani ya mji juu ya imani ya baba, zote mbili katika kiganja kimoja. Ungemtoaje huko?

Sasa shida ikaja. Kompyuta yake ilianza kuzeeka upande wa sauti. Tundu la kutolea sauti lilikuwa limelegea, linakoroma, na kibaya zaidi sauti inachelewa. Unafinya sasa, inalia baadaye, kama mtoto mkaidi aliyeitwa na mama yake. Kwa wimbo wa kuweka, kuchelewa si neno. Kwa mtu anayepiga akimfuata mwimbaji, ni kifo. Dawa yake wapiga muziki wote wanaijua: carte son, yaani kisanduku kinachokaa katikati, waya mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye bafle, kinachoitoa sauti safi na bila kuchelewa. Ziko za bei ya kuua, na ziko ndogo ambazo kwaya ya mtaani inaweza kuzipata ikichangishana. Kwaya ilichangishana, na rais wa kwaya, Papa Eugène, mtu wa tai hata siku za kazi, akamkabidhi Rodrigue mchango mbele ya wote: "Weye ndiye unajua mambo ya ordinateur. Chagua. Siye tunakuamini."

Haraka yote ilikuwa kwa ajili ya Mama Geneviève.

Mama Geneviève ni wa Djugu, mkimbizi kama wengi wetu. Binti yake Ketsia alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Msichana wa kucheka ovyo, wa kuimba akifua nguo mpaka jirani wanaomba arudie. Alitoka siku moja kwenda kuvuna mihogo yao kule walikoacha mashamba, kwa sababu watu walisema sasa kuna amani. Amani yetu mnaijua. Ni ile ya kulala na viatu karibu na mlango. Ketsia aliletwa amefunikwa. Siku ile ile minong'ono ilikuwa kwamba waliomuua watakuja hata mjini, basi wakamzika mbio-mbio, watu wakitazama barabara kuliko kaburi. Hakuna aliyeimba. Sauti ya kwanza ya kwaya ilizikwa bila wimbo hata mmoja, na mama yake akafunga kitambaa cheusi kichwani, akavaa kikwembe cheusi, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akilia.

Mwaka wa kutosha kilio, yaani wa kuuondoa msiba na kuvua nguo nyeusi, ulifika ukapita, kwa sababu ndugu walikuwa wametawanyika na njia zilikuwa zimefungwa. Sasa njia zilifunguka kidogo. Ndugu wa Tchomia, kule ziwani, waliahidi kuja. Mama Geneviève alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Rodrigue, akakaa kwenye kiti, akakataa chai.

"Rodrigue, mutoto yangu," alisema. "Unajua namna walimuzika Ketsia. Hapana ngoma, hapana wimbo. Sasa nataka kutosha kilio muzuri. Kwetu, mama ndiye anamuita mutoto jina, anatembea mu kiwanja pahali mutoto alikuwa anapitaka. Mupigaji anamufuata. Nikiita, piga. Nikisimama, simama. Nikinyamaza, nyamaza, hata kama ni murefu. Nikimaliza, natosha hii nguo nyeusi. Unasikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kuko bapigaji wengine. Nimekuja kwako juu unajua kunyamaza."

Rodrigue alisindikiza mama mpaka njiani. Hakuna sifa aliyowahi kupewa iliyomwingia kama ile.

Basi akaenda sokoni kuchagua.

Duka la Kanyere liko kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, duka la simu, waya, chaja na vitu vya muziki. Kanyere ni mama wa Kinande, ametoka Butembo na watoto wake na biashara yake, na ana sauti ya chini hata akigombana. Alimtolea Rodrigue kisanduku kidogo cha kijivu, hakijazi kiganja. Matundu mawili mbele, mawili nyuma, kifundo kimoja cha kuongeza sauti. Basi.

Rodrigue akakipokea, akafumba macho, akakipandisha na kukishusha. Akacheka.

"Mama, hii ni nini? Nikiiweka ku meza, upepo itaibeba."

Wateja wakacheka. Mnajua kicheko cha watu dukani kinavyolewesha. Kanyere hakucheka.

"Yaya, iko nyepesi juu iko ndogo," alisema; yaya kwetu ni kaka. "Inakula courant, umeme ya ordinateur yenyewe, haina lazima ya prise ya ku ukuta. Leta ordinateur yako, tuifunge hapa, usikilize na masikio. Usipoipenda, unaacha."

Angeenda kuleta kompyuta! Nyumbani si mbali, pikipiki zimejaa barabarani. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kusema, na wateja walikuwa bado wanamtazama wakingojea jingine la kuchekesha. Akalitoa.

"Nyinyi batu ya Butembo, munaona siye tuko bajinga. Munatuuzia upepo ndani ya plastiki."

Kicheko hakikuja. Katika mji huu mtu anaweza kutukana bei, akatukana bidhaa, hata akatukana sura ya muuzaji, na jioni wakanunuliana soda. Lakini ukianza na "nyinyi batu ya" fulani, kila aliye karibu anatafuta mlango kwa jicho. Tumezikwa wengi kwa maneno yanayoanza hivyo. Rodrigue, mkimbizi, mtoto wa mkimbizi, alilijua hilo kuliko wote, na alilisema hata hivyo, kwa ajili ya kicheko. Kanyere alichukua kisanduku chake, akakipangusa kwa kona ya kikwembe chake, akakirudisha ndani ya kioo.

"Aksanti kwa kufika," alisema.

Rodrigue alitoka akijichekesha. Kwenye ukingo wa soko alimkuta mchuuzi mmoja mpita-njia aliyetandaza bidhaa juu ya turubai, anasema amezileta kwa kupitia bandari ya Mahagi-Port. Katikati ya turubai ilikuwepo carte son nyeusi, kubwa kama tofali, vifundo vimejaa, taa za bluu zinazunguka. Bei ilikuwa karibu sawa na ya Kanyere, asije mtu akasema ni umaskini uliomponza. Rodrigue aliishika kwa mikono miwili. Aka! Uzito wake ulimshuka mpaka kwenye viwiko. Moyo ukatulia. Akainunua bila kuisikiliza hata mara moja, akaipeleka kwa baba.

Muzee Laurent, ambaye sasa macho yamefifia, aliipokea kiganjani, akafumba yale macho yasiyoona vizuri, akaipandisha na kuishusha.

"Hii iko kitu," alisema.

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa furaha ya kweli, na ndiyo maana baadaye iliuma.

Kesho yake asubuhi, groupe, jenereta ya jirani, ilipowashwa, Rodrigue alifunga waya zake na kufinya kinanda. Sauti ikachelewa. Afadhali ningesema ilichelewa kama zamani, lakini ilizidi. Na juu ya kuchelewa ikakwaruza, mithili ya mtu anayekaanga mahindi. Akazima, akawasha, akabadilisha waya, akapiga magoti kuomba, akafinya tena. Inachelewa. Mwisho alichukua bisibisi na kuifungua.

Ndani kulikuwa na kidude cha umeme kidogo kama kiberiti. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa imejazwa kipande cha chuma kizito, kimekatwa kwenye resori, springi ya lori, kina kutu bado, kimegandishwa kwa gundi. Hicho ndicho mkono wake ulichochagua. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akafikiri: kuna watu wananunua kwa kiganja, basi tuwape chuma. Na Rodrigue alikuwa ndiye mtu yule aliyefikiriwa.

Alikimbilia sokoni. Turubai halikuwepo, mwenyewe ameshaondoka. Miguu ikampeleka mpaka kona ya kichochoro cha Kanyere. Akamwona kwa mbali anapanga simu ndani ya kioo, na kile kisanduku cha kijivu kipo palepale. Alisimama pale mpaka mwenye pikipiki akampigia honi atoke njiani. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekaa mlangoni mwa duka yakimngojea. Akageuka, akarudi nyumbani.

Angemwambia Papa Eugène. Angesema tu, rais, nimekosea, nimepigwa. Watu hupigwa kila siku sokoni, wangemcheka wiki moja ikaisha. Lakini angeulizwa, kwani hukuona nyingine? Na angelazimika kusema aliona, na alisema nini. Hapana. Akafunga vile visikurubu, akarudisha taa za bluu juu ya meza.

Kisha, jamani, akafanya lile alilowatukania wengine maisha yake yote. Aliketi akatengeneza wimbo mzima wa kuweka. Akaunda ngoma, likembe, na besi nzito ya kufunika ule mkwaruzo, akakisia Mama Geneviève atatembea kiasi gani, ataita mara ngapi, na mwishoni akatia sebene, gitaa la furaha, la watu kucheza nguo nyeusi ikitoshwa. Aliutengeneza vizuri mno, kwa uchungu. Siku ya siku atabonyeza kitufe, vidole vyake vitatembea juu ya kinanda, nani atajua? Alijiambia hivyo mpaka akakaribia kuamini.

Siku ikafika, ya jua. Ndugu wa Tchomia walishuka na vikapu vya samaki wa moshi, uwanja wote ukanukia ziwa. Waliweka viti chini ya turubai, wanawake wanageuza bugali, groupe inanguruma nyuma ya nyumba. Shughuli ilipangwa mchana, ili kila mtu awe ndani kabla ya jua kushuka. Papa Eugène alizunguka na tai yake akiwaonyesha wageni ile mashine yenye taa za bluu. "Hii ni ya kwaya," alisema. "Rodrigue mwenyewe ndiye alichagua." Rodrigue aliinama akajifanya anakaza waya.

Mama Geneviève akatoka ndani, mweusi kutoka kichwa mpaka kikwembe, miguu mitupu. Akasimama mlangoni, akaita.

"Ketsia eeh! Ketsia!"

Rodrigue akabonyeza. Likembe ikaingia taratibu juu ya besi, nzuri, na wanawake wakaguna kwa kuridhika. Mama akaanza kutembea. Akapita pale Ketsia alipokuwa akianika unga, akaita, na ngoma ikamjibu pahali pake hasa, kwa bahati tu. Vidole vya Rodrigue vilikuwa vinacheza juu ya kinanda kilichokufa. Inakwenda, alijisemea, Mungu wangu, inakwenda.

Mama akafika kwenye jiwe la kufulia, lile la pembeni ya jiko. Akafungua kinywa aite, na jina halikutoka. Akasimama. Mabega yakaanza kumtetemeka. Yule mama ambaye hakulia siku ya maziko wala baadaye, sasa kilio kilikuwa kinakuja, kila mtu alikiona kinakuja.

Na mikono ya Rodrigue ikaruka juu.

Hakuituma. Iliruka yenyewe kama ilivyozoea, ikabaki hewani mbele ya watu wote, vidole vimefunguka. Muziki ukaendelea.

Ngoma inalia, besi inalia, likembe inatiririka, na mpigaji mikono iko juu. Watu walitazama ile mikono, wakatazama mashine, wakatazama mikono. Halafu, kwa sababu ndivyo alivyoipanga mwenyewe, sebene ikaingia. Gitaa likachangamka, la kucheza, la arusi, juu ya mama aliyesimama kwenye jiwe la kufulia na kilio chake kooni. Rodrigue alijirusha kwenye kompyuta abonyeze ikome. Ile mashine ikakwama, ikarudia kipande kimoja kidogo, ka-ka-ka-ka-ka, inawachekelea watu, mpaka akang'oa waya wa umeme kwa nguvu na meza ikainama.

Mabega ya mama yalikuwa yametulia. Kilio kilikuwa kimerudi kule kilikokuwa. Aligeuka polepole.

"Rodrigue," alisema. "Nani alikuwa anapiga?"

Angeweza kusema mashine imeharibika. Nusu ya uwanja ingemwamini, na nusu ingependa kumwamini.

"Hakuna mutu, mama," alisema.

"Hakuna mutu." Mama alirudia kama anayejifunza neno. "Mutoto yangu walimuzika, hakuna mutu alimupigia. Na leo tena hakuna mutu."

Akaenda akaketi kwenye kiti chake. Shangazi wa Tchomia alimsogelea na ile nguo mpya ya maua waliyomshonea, akamwinamia sikioni. Mama alitikisa kichwa. "Sitoshi hii nyeusi," alisema. "Bado sijatosha."

Watu walikula kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva. Hakuna aliyemtukana Rodrigue, na ingekuwa nafuu kama wangemtukana. Papa Eugène alimpita akiangalia viatu vyake. Mwanamke mmoja wa kwaya alimwekea sahani ya samaki mbele yake, na Rodrigue hakuweza kuigusa. Alibeba vitu vyake kwenda nyumbani kwa mguu, ile carte son ndani ya mfuko, inamvuta bega njia nzima. Watu walimsalimu kama kawaida, hawajasikia bado. Aliwaza kwamba kesho watakuwa wamesikia, na uso ukamwaka.

Alimkuta baba kwenye kigoda. Akafungua mashine mbele yake, akakibandua kile chuma na kumtia mkononi.

Muzee alikipapasa mpaka alipopata kutu na alama ya msumeno. Rodrigue alitamani afumbe macho mwenyewe asione uso wa baba, maana mzee alikuwa anaona aibu kama mtoto.

"Nilikuambia iko kitu," alisema mwishoni.

"Papa, miye ndiye nilinunua."

"Mukono ilikuwa ya siye wawili." Akakiweka chuma chini, karibu na mguu wake. "Hakukuwa na ingine sokoni?"

Rodrigue akamwambia yote, kisanduku cha kijivu, kicheko, na lile neno. Alipofika kwenye neno, Muzee aligeuza uso.

"Rodrigue. Siye tulikimbia Bambu juu ya maneno ya namna hiyo."

"Najua, papa."

"Ulisema mbele ya batu?"

"Mbele ya batu."

"Basi enda mbele ya batu. Usiende asubuhi wakati duka iko tupu."

Aliuza baiskeli yake, hakumwomba mtu wa kwaya hata senti. Akaenda saa ya soko kujaa, kompyuta mgongoni. Mlangoni mwa Kanyere palikuwa na wateja, na mmoja wao alimkumbuka, akamgusa mwenzake. Rodrigue alisimama katikati yao. Alikuwa amepanga maneno mazuri ya Kifaransa njiani. Yote yakapotea.

"Mama Kanyere," alisema, na sauti ikakwaruza. "Siku ile nilikutukana hapa, weye na batu ya kwenu. Ilikuwa uongo, na nilisema juu ya kuchekesha batu. Nimekuja kuomba pardon, hapa hapa."

Kanyere alikuwa anampimia mteja waya. Alimaliza kupima, akakata, akakunja, akampa. Ndipo akamtazama.

"Miye pia nilikimbia, yaya," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Kule nilikotoka pia walituambia nyinyi batu ya fulani. Siku ile nilienda nyumbani, nikaanza kuwaza tena pahali pa kukimbilia."

Rodrigue alitegemea hasira, akapewa hili.

"Leta ordinateur," Kanyere alisema.

Alitoa kisanduku cha kijivu ndani ya kioo, akakinyoosha. Na mkono wa Rodrigue, ule mpumbavu, ukakipokea kwa kiganja wazi na kuanza kukipandisha. Aliuona mwenyewe. Kanyere pia aliuona, wateja wote waliuona. Akakiweka kisanduku mezani upesi na kuuficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Hakuna aliyecheka.

Wakafunga waya. Alifinya kinanda kwa kidole kimoja, na likembe ikalia pale pale chini ya kidole, haikuchelewa hata kidogo. Kanyere alimwuzia kwa bei ileile ya siku ya kwanza, hakupunguza, hakuongeza, hakutabasamu. Rodrigue aliona ni haki.

Kwa Mama Geneviève alikwenda mchana wa kawaida. Ndugu wa Tchomia walikuwa wamerudi, na njia, kwa habari za asubuhi ile, ilikuwa imefungwa tena. Nani ajuaye wangekutana lini mara nyingine. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe la kufulia na ungo mapajani, anachagua maharage. Kitambaa cheusi kiko kichwani. Rodrigue aliomba msamaha, na mama alisikiliza bila kuacha kuchagua.

"Nimeleta ingine," Rodrigue alisema. "Kama unataka, mama. Hata kama hakuna batu."

"Kaa pale," mama alisema.

Aliketi kwenye kigogo, kompyuta magotini kwa sababu meza haikuwepo, bafle dogo la betri miguuni. Akaweka vidole juu ya kinanda, akangoja. Mama alichagua maharage. Hakuita. Jua likasogea, ungo ukaisha, mama akainuka kwenda jikoni. "Kesho tena," alisema, hakusema zaidi. Rodrigue alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Majirani walimwona amekaa na mashine yake bila sauti, wakamwonea huruma, wengine wakamcheka. Aliwaacha. Hakuwa na haki ya kufinya hata kidole kimoja kabla hajaitwa, na alijua mama anajua kwamba anajua.

Hata alasiri moja, bila kuinua macho kwenye ungo, mama akasema kwa sauti ndogo, ya kumwita mtu aliye chumba cha pili:

"Ketsia."

Likembe ikajibu hapo hapo, ndogo vilevile.

"Ketsia, mama. Ketsia eeh," mama aliita tena.

Rodrigue akamfuata. Mama alipovuta pumzi, akavuta naye. Sauti ya mama ilipanda, ikatetemeka, ikafika mahali pale pa siku ile, ikakatika. Mikono ya Rodrigue ikaruka hewani. Uwanja ukawa kimya kabisa, hakuna kilichoendelea, na katika kimya kile Mama Geneviève akalia. Alilia kwa muda mrefu, maharage yanamwagika mapajani, na mikono ya Rodrigue ilibaki juu mpaka ikaanza kufa ganzi. Hakuishusha.

Mama alipopangusa uso kwa kona ya kikwembe, aliitazama ile mikono iliyo bado hewani.

"Sasa iko mutu," alisema.

Kitambaa cheusi hakukitosha siku ile. Aliinama akaanza kuokota maharage, na Rodrigue akaweka kinanda chini, akaja kumsaidia kuokota.